Rangi za Udongo Wodini: Kwanza Tuulize Umechimbwa Wapi

Mwaka jana, mwishoni mwa zamu ya jioni, muuguzi wa wodi ya watoto alinijia akiwa ameshika kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo mwekundu. Udongo ule ulikuwa laini kama unga wa ngano, na wekundu wake ulikuwa mzito, kama wa tofali la kuchoma lililoloa mvua. "Daktari, samahani nakuchelewesha," akasema. "Nataka watoto wangu wa majeraha ya moto watengeneze rangi wenyewe, kisha wachore. Huu una madhara?" Nilikuwa nimechoka, na mawazo yangu yalikuwa yameshatangulia nyumbani. Nikamjibu kwa wepesi ambao hadi leo unanikera: "Sista, huo ni udongo wa asili tu. Hauna neno."

Usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa na habari yoyote mbaya kuhusu kopo lile. Tatizo ni kwamba sikuwa na habari yoyote. Nimeitumikia kwa miaka mingi fani ya afya mahali pa kazi, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kitu kisichojulikana kilikotoka hakiwezi kuitwa salama. Asubuhi nilimtafuta nikamwuliza nililopaswa kumwuliza jana yake: udongo umetoka wapi? Akanieleza bila wasiwasi wowote. Mdogo wake anafanya kazi na wachimbaji wadogo wa dhahabu kanda ya ziwa. Alikuja kusalimia, akamsikia dada yake akitafuta udongo wa rangi, akakumbuka kwamba kule kwao upo tele, tena umeshasagwa. Lile kopo lilikuwa limejaa marudio.

Kwa msomaji asiyeishi karibu na machimbo, nieleze kidogo. Mawe yenye dhahabu hupondwa kwenye karasha hadi yawe unga. Unga huo hupitishwa kwenye maji ili dhahabu inase, na mara nyingi huongezwa zebaki ili iishike dhahabu hiyo. Mabaki yanayotupwa pembeni ndiyo marudio. Kwa jicho la mchoraji, marudio ni zawadi: mashine imeshaponda, maji yameshatenga kokoto, jua limeshakausha. Kwa jicho la mtu wa afya, ni mwamba uliotolewa chini sana ya ardhi na kufanywa vumbi, pamoja na chochote kilichokuwa ndani ya mwamba huo, iwe arseniki au risasi, na zebaki iliyobaki juu yake. Udongo uliokuwa tayari zaidi kwa kazi ya sista ndio uliostahili kuogopwa zaidi.

Naandika makala haya kuzitetea rangi za udongo. Nataka wodi zetu za watoto, vyumba vyetu vya tibakazi na hata kliniki za afya ya akili ziwe na rangi zilizotengenezwa kwa mkono, kwa udongo wa nchi hii. Ila siwezi kuzitetea kwa hoja niliyoitumia jioni ile, ya kwamba kitu ni cha asili. Hoja hiyo tunaisikia kila siku kliniki kutoka kwa wagonjwa, nasi tunawakanya; kisha tukivua koti jeupe, tunaitumia wenyewe.

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, familia zilichukua mawe ya dhahabu zikayaponda na kuyasaga majumbani, pengine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi waliobaki hai walidhurika ubongo. Hakuna mtu aliyekuwa ameongeza sumu yoyote. Risasi ile ilikuwa ya asili kabisa, vilevile ilivyolala mwambani tangu dunia iumbwe. Kilichobadilika ni kwamba jiwe lilifanywa vumbi mahali ambapo watoto wanatambaa. Na huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya hapo wameendelea kukutwa na risasi katika damu, kwa sababu udongo wa uani haukufungwa pamoja na mgodi.

Sasa nirudi upande wa utetezi, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Anayetaka kujua udongo unaweza nini, aende Kolo, wilayani Kondoa. Juu ya miamba ya huko kuna twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu, wote wamechorwa kwa wingi katika rangi nyekundu. Mary Leakey alitumia msimu mzima wa mwaka 1951 kuinakili michoro hiyo, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Waliochora hawakuwa na duka la rangi. Walikuwa na oksidi ya chuma, yaani kwa lugha ya nyumbani kutu ya ardhi, na kitu cha kuigandisha mwambani. Kusini zaidi, katika pango la Blombos nchini Afrika Kusini, watafiti walitangaza mwaka 2011 kwamba wamepata magamba mawili ya konokono wa baharini yaliyotumika kama vyungu vya kuchanganyia rangi: udongo mwekundu, mkaa, na mifupa iliyopondwa. Umri wake ni miaka 100,000 hivi. Kazi hii ya sista, basi, ni kongwe kuliko kilimo.

Nasi wa pwani tulikuwa na neno lake. Mafundi seremala waliita udongo huo ngeu, wakautumia kutilia alama za mstari juu ya mbao kabla ya kupitisha msumeno. Nimewauliza mafundi vijana watatu maana ya neno hilo. Mmoja tu alilijua, naye alilisikia kwa babu yake. Wamaasai huuita olkaria, na jina hilo limebaki kwenye mlima wa karibu na Naivasha unaotoa umeme wa mvuke.

Wekundu wa ngeu hutokana na madini ya hematiti, na udongo wa njano hupata rangi yake kutokana na madini ya gethiti. Yote mawili ni chuma na oksijeni. Tofauti ni kwamba gethiti imeshika maji ndani yake. Ukiuweka udongo wa njano kwenye kikaango juu ya mkaa, joto likafika nyuzi 300 hivi, maji yale hutoka na udongo huwa mwekundu mbele ya macho yako. Sijaona somo la kemia linalomshangaza mtoto kuliko hilo. Zaidi ya hayo, oksidi ya chuma ni miongoni mwa rangi zisizo na ukali mwilini: haipenyi ngozi, haififii kwa jua, na hata ikimezwa kidogo kwa bahati mbaya hupita tu. Hupita bila kuongeza damu pia, nami nalisema hili kwa sababu ya pemba. Kina mama wajawazito wanaokula udongo kwa kuamini kwamba wekundu wake ni damu hawapati chuma kinachotumika. Udongo wa mfinyanzi unaweza hata kuzuia chuma cha chakula kisifyonzwe. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita uliukuta na madini kadhaa, arseniki ikiwa mojawapo. Udongo wa kuchorea ubaki wa kuchorea.

Tufike kwenye kazi yenyewe. Hatari kubwa ya udongo safi haimo katika rangi yake, imo katika mchanga uliochanganyika nao. Mchanga ni silika. Silika ikisagwa ikiwa kavu hutoa chembe ndogo mno, zisizozidi mikromita chache, ambazo jicho halizioni na pua haizizuii. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, zikakaa humo maisha yote. Makovu yanayotokea ndiyo silikosisi, ugonjwa usio na tiba, na pafu lenye silika humwachia mlango wazi mdudu wa kifua kikuu. Tunaoishi katika nchi yenye kifua kikuu kingi hatuna anasa ya kulipuuza vumbi.

Dawa yake ni maji, na yatangulie kabla ya kitu kingine. Udongo unapofika, usiupige kwa nyundo wala kuutwanga kwenye kinu, uloweke. Uache usiku kucha kwenye ndoo yenye maji mara tano au sita ya ujazo wake. Asubuhi ukoroge kwa mkono au mwiko, uhesabu polepole hadi ishirini au thelathini, kisha umimine maji yale yenye rangi kwenye ndoo ya pili, taratibu, ukiacha mashapo ya chini. Ulichoacha ni mchanga, pamoja na sehemu kubwa ya silika yako. Ulichomimina ni rangi. Rudia mara mbili au tatu, kila mara ukihesabu muda mrefu kidogo zaidi. Ndoo ya mwisho iachwe itulie siku moja au mbili, hadi maji ya juu yawe meupe. Yamwagwe, nayo tope laini lililobaki chini ndilo hazina yako. Mtu aliyezoea kuosha mchele hahitaji kufundishwa mara mbili.

Hapa ndipo natofautiana na vitabu vingi vya sanaa. Vitabu husema tope likaushwe, lisagwe, lipepetwe, unga uhifadhiwe kwenye chupa. Mimi nasema, wodini au darasani, tope lisikaushwe kamwe. Litumike likiwa bichi. Liwekwe juu ya kioo kinene au kigae, lisagwe kwa jiwe la mtoni lenye tako tambarare, pamoja na gundi yake. Kupepeta unga mkavu chumbani ni kuutengeneza upya ule ugonjwa tuliokwisha kuumwaga pamoja na mchanga. Wapo watakaosema tuvae barakoa. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe za aina hiyo, na barakoa zinazozizuia ni ghali, hazimkai mtoto usoni, na katika joto letu huvuliwa baada ya dakika kumi. Maji hayavuliwi.

Gundi tunayo: utomvu wa migunga, uleule unaookotwa katika nyanda kavu za Singida na Tabora, uloweshwe hadi uwe mzito kama uji mwepesi. Kijiko cha asali huizuia rangi isipasuke ikikauka, na matone machache ya mafuta ya karafuu huchelewesha ukungu. Kiini cha yai nacho ni gundi bora, lakini hospitalini sikitaki, kwa kuwa yai bichi huoza na huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Kuhusu watoto wenyewe, nilimpa sista masharti mawili. Wachore wale tu ambao ngozi yao imeshafunga, kwa sababu udongo ni makazi ya vimelea vya pepopunda, na kidonda cha moto kilicho wazi hakihitaji mgeni mwingine. Tena wachore baada ya kula, wanawe, na asiwepo anayelamba brashi ili kuichongoa ncha. Sharti hili la pili ni gumu kwa watu wazima kuliko kwa watoto. Faida yake nimeiona. Kusaga rangi kwa kuzungusha jiwe juu ya kioo ni zoezi lilelile ambalo mtaalamu wa tibakazi angempa mtoto mwenye vidole vilivyoanza kukakamaa kwa makovu, ila zoezi la kawaida humliza, na hili hulisahau kuwa ni zoezi.

Rangi zisizotoka ardhini zinahitaji uangalifu wa namna nyingine, maana ndizo wagonjwa wetu wanazozijua kwa majina. Manjano, kwa mfano: lugha yetu imelipa kiungo na rangi jina moja. Hutoa rangi nzuri, ijapokuwa jua huifuta baada ya muda mfupi. Lakini huko Bangladesh ilithibitishwa mwaka 2019 kwamba baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiitia manjano kromati ya risasi ili ing'ae. Hivyo manjano ya mzizi uliouona ukisagwa ni jambo moja, na unga unaong'aa kupita kiasi sokoni ni jambo jingine.

Hina ina habari zaidi. Majani yake hutoa rangi ya machungwa inayoelekea kahawia, basi. Ile nyeusi wanayoiita piko haitoki kwenye mhina. Weusi wake ni kemikali ya kutia nywele rangi, na tumeona mikono ya mabibi harusi ikivimba na kutoka malengelenge kwa ajili yake, ikaacha makovu yenye umbo la maua yaleyale yaliyochorwa. Hayo wauguzi wengi wanayajua. Lisilojulikana sana ni kwamba hata hina halisi, isiyochanganywa na chochote, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Mtoto aliyepakwa hina siku ya arobaini, kisha akaletwa akiwa na manjano ya macho na damu kidogo, aulizwe mama yake kuhusu hina. Hapo hakuna kilichoghushiwa. Ni asili yenyewe.

Wanja wa unga nao: ule uliotengenezwa kwa galena ni salfaidi ya risasi, nasi tunawachora nao watoto nyusi na kope tangu wiki za mwanzo. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri chanzo kitafutwe na kuondolewa pindi damu inapofikia mikrogramu 5 kwa desilita moja. Masizi ya taa hutoa weusi mzuri kwa wino, lakini mwaka 1775 Percivall Pott wa London alionyesha kwamba masizi ndiyo yaliyowaletea saratani wasafisha mabomba ya moshi. Kwa weusi, tumieni mkaa wa kawaida uliosagwa ndani ya maji. Chokaa huunguza macho. Kwa weupe ni heri kaolini, kama ile ya vilima vya Pugu. Buluu na kijani ni adimu ardhini. Malakaiti ya Katanga ni kijani kizuri mno, lakini ni shaba, na vumbi lake ni sumu. Huko huko Katanga, mawe ya njano na machungwa ya kupendeza kuliko yote yalitoka Shinkolobwe, nayo ni madini ya urani. Uzuri wa jiwe hautuambii lolote kuhusu usalama wake.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye siwezi kuandika juu ya vumbi nisimkumbuke. Nilikuwa daktari kijana katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kikohozi cha miaka na pumzi fupi. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu mara mbili, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea, nami nikawa karibu kumwanzishia tiba ya tatu. Mhudumu wa wodi, mzee ambaye hakuwahi kusoma udaktari, ndiye aliyeniambia akiwa anafagia: "Huyu mama ni mponda mawe, Daktari. Yeye na mawe, tangu msichana." Katika faili lake lenye kurasa nyingi, mbele ya neno "kazi", tulikuwa tumeandika: mama wa nyumbani. Sote, mmoja baada ya mwingine, nami nikiwemo.

Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, alichapisha mwaka 1700 kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, kikiwa na sura nzima juu ya wachoraji. Aliona kwamba wengi wao walikuwa wagonjwa na dhaifu, akaihusisha hali hiyo na risasi, zebaki na vitu vingine walivyovishika kila siku. Akawataka madaktari waongeze swali moja kwenye maswali ya kale ya tabibu: kazi yako ni ipi? Miaka zaidi ya 300 imepita, na swali hilo bado tunalijaza bila kuliuliza. Ningependa katika fomu zetu liongezewe mwenziwe: na nyumbani, unashika nini? Mfinyanzi, mchora hina, fundi wa batiki, mwalimu wa chekechea anayetengeneza rangi kwa watoto wake, wote hujiandikisha kwa kazi nyingine.

Najua baadhi ya wenzangu watasema: kwa hatari zote hizo, si bora watoto wapewe rangi za dukani? Siafiki. Duka nalo lina risasi yake. Umoja wa Mataifa unapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni, lakini kopo lisilo na maelezo, lililopimwa tena na kumiminwa katika chupa ya maji, haliwezi kukuambia lina sehemu ngapi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta zilizopatikana madukani, na kazi iliyotokana na hizo tunajivunia hadi leo; sijui tu kama tumewahi kuwapima damu wachoraji waliomfuata, ambao hukaa chini kutwa nzima juu ya kopo lililo wazi. Udongo una ubora mmoja ambao kopo la dukani halina: mtu anaweza kwenda kusimama mahali ulipotoka, akaangalia kulia na kushoto.

Na aangalie hasa. Je, kuna mgodi, karasha au mwalo jirani, wa leo au wa zamani? Je, betri za magari huyeyushwa hapo, au kulikuwa na gereji? Je, ni kando ya barabara kuu? Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na udongo wa juu wa kandokando bado umeishika. Je, ni shamba la mboga linalopigwa dawa kila wiki? Jibu likiwa ndiyo, mahali hapo paachwe, hata kama rangi ni nzuri namna gani. Udongo wa shimo la kisima kipya au la msingi wa nyumba, kijijini, chini ya kina cha jembe, kwa kawaida ni salama zaidi. Udongo wenye kahawia iliyokoza hadi kukaribia weusi, mimi huuacha pia, kwa kuwa mara nyingi una manganizi, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huathiri ubongo na kumfanya mtu atetemeke na kukakamaa.

Kuangalia, hata hivyo, hakutoshi, na hapa nina dai kwa walio juu yangu. Nilipotaka kupima sampuli ya kopo lile, bei niliyotajiwa na maabara moja ilizidi fedha zote za vifaa vya michezo za wodi ile kwa mwaka. Vifaa vya eksirei vinavyoshikwa mkononi, vinavyotambua risasi na arseniki katika udongo kwa dakika chache, vipo nchini. Kampuni za madini huvitumia kutafuta utajiri. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, pale Dodoma, inajua miamba ya nchi hii. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. Vyuo vya tiba, chetu kikiwemo, vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Siombi mradi mkubwa. Naomba siku moja katika kila miezi mitatu ambapo mwalimu wa chekechea, muuguzi au mfinyanzi anaweza kuleta udongo wake kwenye mfuko wa plastiki, ukapimwa bure, akaondoka na karatasi yenye jibu. Tunampima mama shinikizo la damu bure kwenye maonesho ya Sabasaba. Udongo anaoushika kutwa haustahili kipimo?

Sista hakukata tamaa. Binamu yake alikuwa akichimba msingi wa nyumba huko Lushoto, mbali na mashamba ya mboga na barabara, akamletea nusu gunia. Tuliuosha pamoja nyuma ya jengo la kufulia, siku ya Jumamosi, tukiwa na ndoo nne. Watoto saba walichora kwanza, wawili kati yao kwa mkono wa kushoto. Kuna ukuta mmoja wodini sasa una ng'ombe wengi wekundu, na mmoja mwenye miguu sita ambaye mchoraji wake amekataa katakata kumsahihisha.

Kopo la kwanza liko kabatini mwangu, limezungushiwa plasta, na juu yake nimeandika: marudio, usifungue. Wiki iliyopita sista alinisimamisha tena kwenye korido, safari hii na kopo la udongo wa njano. Kabla sijafungua mdomo, akaligeuza. Pembeni, kwa kalamu ya wino mzito, alikuwa ameandika jina la kijiji, tarehe, na maneno haya: "shimo la choo kipya, futi saba, hakuna machimbo karibu."

"Choo kipya, sista?" nikamwuliza.

"Bado hakijatumika, Daktari," akasema. "Hilo nimeuliza kwanza."